Mheshimiwa, Tupe Ufunguo wa Paa

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa jengo letu, katikati ya mji, Lubumbashi.

Mheshimiwa,

Jina lako sitaliandika, wewe unajijua. Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimesimama, maana kiti changu hakijakauka.

Jumanne mvua ilinyesha kwa muda wa saa moja hivi. Plafoni ya chumba changu ikatuna taratibu kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, kisha ikaachia yote juu ya meza. Kazi yangu ni kutengeneza hati za forodha za wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Kasumbalesa. Mafaili ya wateja 11 yamekuwa uji. Mmoja lori lake limekwama mpakani, na kila asubuhi ananipigia simu kuuliza kama karatasi zimekauka.

Unaikumbuka siku ya kukata utepe? Sisi tunaikumbuka: tulikungoja juani tangu saa tatu, ukafika saa saba. Ulisema nyumba hii, iliyojengwa mji ukiitwa bado Élisabethville, sasa ni ofisi za kisasa. Tukapiga makofi. Nami nikalipa garanti ya kodi ya miezi 6.

Marehemu baba alikuwa mwashi, alinifundisha kuzitazama nyumba hizi. Wazungu waliozijenga hawakututakia mema, lakini jua na mvua ya Katanga waliviheshimu: kuta nene za matofali ya kuchoma, dari ya juu, baraza mbele, na vitundu chini ya paa ili joto litoke. Mafundi wako wameziba vitundu, wameshusha dari, baraza wameifunga kwa vioo, halafu wakatuwekea klima, mashine za kupoza hewa. Klima, Mheshimiwa! Kwa umeme upi? Ukikatika tunaiva humo ndani kama bukari, ule ugali wetu. Na matofali yaliyoshikwa kwa chokaa wameyapaka saruji ngumu. Maji yakishaingia ukutani hayana pa kutokea. Ile rangi nzuri uliyopiga nayo picha inabanduka vipande vya kiganja.

Labda ilikuwa haraka ya sherehe. Labda pesa ya mifereji ilipita njia nyingine, sikuwepo. Ninachokiona kwa macho ni ule mfereji wa katikati ya mapaa mawili, umejaa majani ya jakaranda tangu kabla hujakata utepe. Mwezi wa tisa nilimwambia mtu wako. Akasema niandike. Nikaandika. Akasema barua haina kopi tatu. Nikaleta kopi tatu.

Nilitaka kudai fidia, na kodi ipunguzwe, na vitundu vifunguliwe. Tuyaache hayo kwanza. Mvua zitaendelea hadi mwezi wa nne. Apande mtu mmoja tu atoe yale majani. Fundi tumempata, tumemchangia wenyewe. Ngazi tutaazima kwa mwenye duka la rangi hapo chini, ameshakubali. Kinachokosekana ni ufunguo wa mlango wa kupandia paani, nao uko mezani kwako.

Tupe ufunguo, Mheshimiwa. Hata kwa asubuhi moja. Tutaurudisha.

Mpangaji wako wa orofa ya juu, chumba cha mwisho