Wapagazi wa Mgunda Mkali wakumbukwe barabarani

Mhariri,

Ukipanda basi kutoka Manyoni kwenda Tabora, ukishaipita Itigi unaingia porini. Abiria wengi hapo huvuta pazia wakalala. Pori hilo ndilo Mgunda Mkali, lililoogopwa na misafara ya zamani ya biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji kwa uhaba wake wa maji. Msafara uliofika salama Tura, mwanzo wa Unyamwezi, ulishukuru Mungu.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba. Majina yao yamo vitabuni. Mimi nataka wakumbukwe wale waliowabebea mizigo. Mpagazi alijitwika frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake maana njia ilikuwa nyembamba, kirangozi, kiongozi wa msafara, ametangulia. Na Wanyamwezi hawakungoja kuajiriwa na mtu: walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga Tabora. Njia hii waliikanyaga wao.

Wapo pia waliopitishwa humo kwa nguvu, minyororo shingoni, wakauzwe. Hao nao watajwe, tena waziwazi.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kilimatinde, kituo cha misafara, ikaachwa kando, biashara ikahamia Manyoni. Sasa lami nayo imefika, nasi tunaifurahia sana, lakini spidi hii inatufanya tupite bila kujua tunapita wapi.

Tangu 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara (jirani na Tabora) na Ujiji. Tazama ramani: kati ya Kilimatinde na Kwihara hakuna hata kimoja, na hapo ndipo watu walipokufa kwa kiu.

Naiomba Wizara ya Maliasili na Utalii ishirikiane na TANROADS, wakala wa barabara, kuweka nguzo za kumbukumbu katika kipande hicho, maandishi yawe ya Kiswahili, ya kusomeka na abiria aliyeshuka kuchimba dawa. Na kabla ya kuchonga neno lolote, wazee wa Itigi na Uyui waulizwe misafara ilikuwa ikipiga kambi wapi na visima vilikuwa wapi.

Msomaji wako,
Tabora