Tusifunike sakafu iliyooza kwa mkeka mpya

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye magari ya kulala hapa Malindi, yaani zile vani zilizokuwa zikibeba abiria au watalii na sasa zimetiwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, ili mwenyewe aweze kulala njiani anapokwenda Tsavo kwa lango la Sala au anaposhuka Watamu na Kilifi. Imezuka desturi ya kutandika mkeka wa mbao, huu wa plastiki unaouzwa kwa mita madukani, juu ya plaiwudi iliyokwisha kuoza, kisha gari likakabidhiwa mwenyewe, au likauzwa, likiwa linang'aa ndani. Kazi hiyo ni ya kuharibu gari, na naamini mwenye gari aliye na subira anaweza kuifanya vizuri zaidi kwa mikono yake.

Sakafu ya vani hizi kwa kawaida ni bati la bodi lenye mikunjo, juu yake plaiwudi, na juu ya plaiwudi ule mkeka. Ukikanyaga mahali pakabonyea, jua kwamba maji yamekwisha kufika kwenye ubao, na hayakufika kwa bahati mbaya: yamepita kwenye mpira wa dirisha uliokauka, kwenye mshono wa paa, kwenye paipu ya sinki, au yamerushwa na magurudumu kupitia tundu la kutu. Mkeka wa plastiki hauruhusu unyevu kupanda na kukauka, kwa hiyo anayetandika mwingine juu ya ubao uliolowa huwa ameyafungia maji ndani pamoja na chumvi ya hewa yetu ya bahari, na bati la chini huendelea kuliwa bila mtu kuona. Mafundi wa mashua wa Lamu hawatii kalafati, yaani pamba ya kuziba mishono, wala deheni, yaani mafuta ya kupaka mashua, kwenye ubao uliooza. Huung'oa kwanza, wakapiga mwingine. Sielewi kwa nini gari lipewe heshima ndogo kuliko mashua.

Maelekezo mengi yanayosomwa na vijana wetu hutoka Marekani, ambako magari haya hutengenezwa viwandani, hasa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Huko sakafu nyingi ni plaiwudi nyembamba iliyogandishwa kwa gundi juu ya fomu, yaani sponji ngumu, katikati ya fremu, na shida yao kubwa ni tabaka kuachana baada ya kuvujiwa. Maelekezo hayo yana faida, lakini hayakuandikiwa gari lenye bati la chuma linaloegeshwa mwendo mfupi kutoka ufukweni. Kwetu kazi huanzia kwenye kutu.

Basi, kabla ya kung'oa chochote, utafutwe mlango wa maji. Mmoja amwagie paa na madirisha kwa mpira wa maji, taratibu, kuanzia chini kwenda juu, na mwenzake akae ndani na tochi. Panapotokea tone ndipo pa kuziba, na sakafu mpya isitandikwe mpaka pamezibwa na kujaribiwa tena. Wakati mzuri wa kazi yote ni Januari na Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na mvua ni chache, kwa sababu bati na ubao vinahitaji kukauka kwelikweli.

Jambo la hatari nalitaja kwa mkazo. Chini ya sakafu kuna tangi la mafuta, paipu za breki na nyaya za umeme. Mtungi wa gesi utolewe nje, betri ifunguliwe, na mtu alale chini ya gari aangalie kila mahali anapotaka kupitisha drili. Bati likiwa limetoboka kiasi cha kuhitaji kuchomelewa, hapo mwenye gari amwachie fundi wa kuchomelea, na fundi mwenyewe aliondoe tangi la mafuta kwanza. Kuna kazi za kujifanyia na kuna kazi za kulipia.

Kutu ikishakwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa, bati lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama rangi itadumu, kwa kuwa chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, rangi ikaota malengelenge na kutu ikarudi. Yatumike maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Bati likauke, lipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na matundu ya kupitishia maji yaliyotobolewa na kiwanda yaachwe wazi, kwani nimeona watu wakiyaziba kwa silikoni wakidhani wanazuia vumbi.

Plaiwudi ya milimita 12 inatosha vani nyingi, na plaiwudi moja ya futi nane kwa nne ina uzito wa takriban kilo 20. Chipboadi na emdiefu, yaani mbao za vipande au vumbi la mbao lililogandishwa, zisiguswe kabisa, kwa sababu zikilowa huvimba na hazirudi. Plaiwudi bora ni ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, na mnunuzi anaweza kuipima nyumbani: akate kipande kidogo, akichemshe kwenye sufuria, aone kama tabaka zitaachana. Kingo zote, pamoja na kila tundu la skrubu, zipakwe vanishi au rangi ya mafuta kabla ubao haujawekwa, maana maji huingia kwa kingo kuliko kwa uso. Kipimo cha sehemu za magurudumu kikatwe kwanza kwa karatasi za boksi. Mkeka wenyewe ufunuliwe na kulala siku nzima kwenye joto la gari, kisha uachiwe nafasi ya milimita tano hivi pembeni, ifunikwe kwa ubao mwembamba. Gari lililofungwa juani hupata joto kali, na mkeka usio na pa kutanukia huinuka katikati.

Vigae vya sakafu ya nyumba havifai. Ni vizito, na bodi ya gari ikijipinda kwenye barabara mbovu, vigae hupasuka.

Bwana Mhariri, nalisisitiza hili kwa sababu magari haya si rahisi kupata badala yake. Kanuni za nchi yetu haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na lenye usukani wa kushoto halikubaliwi ila kwa kazi maalumu, hivyo vani tulizo nazo ndizo za kutunzwa. Wenye gereji nawaomba wamwite mwenye gari aone bati likiwa wazi kabla halijafunikwa, na wenye maduka ya mbao waandike kwenye risiti ni plaiwudi ya gundi gani waliyouza. Anayenunua gari la kulala naye asione haya kuomba kona moja ya mkeka ifunuliwe, achome ubao kwa bisibisi mbele ya muuzaji. Bisibisi ikizama, bei izungumzwe upya au ununuzi uachwe.

Wako mtiifu,
Msomaji, Barani, Malindi