Jumamosi tunaanza asubuhi: leteni vitu vyenu

Habari za jioni wapendwa. Kikao chetu cha kuchora cha Jumamosi kipo palepale, uani kwangu Rau, Moshi, ila muda umebadilika. Tunaanza saa 2:30 asubuhi, si saa 8 mchana tena, maana jua la mchana linaharibu picha na kutuchosha.

Kila mmoja aje na:
1. Vitu 20 hadi 30 vya kawaida: vizibo vya soda, funguo zisizo na kufuli, misumari iliyopinda, punje za kahawa. Tafadhali msinunue. Anayepita soko la Mbuyuni aangalie chini, pale kuna hazina.
2. Kitambaa cha rangi moja cha kutandika.
3. Sh 3,000 ya chai na maandazi, impate mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Tutavipanga kwa mistari iliyonyooka na pembe mraba, kisha kila mtu achore anachokiona. Ndivyo Andrew Kromelow, mfanya usafi kwenye karakana ya samani ya msanifu majengo Frank Gehry huko Marekani, alivyokuwa akipanga vifaa vilivyoachwa ovyo mwaka 1987. Juzi nilimwaga mkebe wa vifungo wa bibi nikavipanga kwa ukubwa. Kimoja bado kina uzi mwekundu wa sweta yangu ya shule ya msingi! Nimeshaanza kukichora.

Naomba mjibu hapahapa "nipo" au "sipo" kabla ya kesho saa 3 usiku, nijue idadi ya maandazi. Mwenye meza ya kukunja aniambie pia. Asanteni sana.