Hita ikidondosha maji usizibe valvu, na ikizidi moto fanya hivi

Juzi tena mteja kalalamika kwamba tumempiga, eti kile kivalvu cha chini ya hita dukani bei yake ndogo sasa mbona sisi tumemtoza hela yote ile. Malalamiko haya hayaishi kwa hiyo leo naeleza.

Baridi ya Arusha ikianza Juni simu ni zile zile, "hita yangu inadondosha maji, njoo uzibe". Jamani, hatuzibi! Maji yakipata moto yanatanuka, tanki la lita 50 likitoka kwenye ubaridi wetu huu hadi nyuzi 60 linaongeza kama robo tatu ya lita, na hayo lazima yapate pa kutokea. Ndio kazi ya valvu, nyingi zimeandikwa 0.8 MPa (kipimo cha presha), presha ikifika hapo inaachia. Ikimwaga mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, hapo sawa, tuite.

Kuna gesti moja mtaa wa Sakina walitafuta fundi wa bei poa, akang'oa valvu akapiga plagi ya chuma, yaani kizibo, na tredi tepu ya kutosha, thamostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ilikuwa inasumbua akairuka akaunga waya dairekti. Tukapigiwa usiku tanki linanguruma, bomba la baridi linatoa maji ya moto, na kijana wa zamu kashika ndoo anataka kulimwagia tanki. Tukamwambia weka ndoo chini, usiguse hita, usifungue bomba la moto, kazime mein swichi, watoe wageni wa vyumba vya jirani, acha ipoe yenyewe. Maji yenye presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, tanki likipasuka sehemu yake inageuka mvuke papo hapo na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600, ukuta hauzuii kitu. Ilipopoa tukakuta bomba la PPR (la plastiki) limelainika limening'inia, vigae ikabidi vibomolewe, tanki jipya. Ile bei poa iliwatoka mara ngapi?

Kwetu unalipia kumwaga tanki, kufungua elementi (kile chuma kinachopasha maji moto) na kukwangua chumvi iliyoganda, kupima thamostati kwa mita, kujaza tanki kabla ya kuwasha umeme, halafu tunakaa hapo hapo mpaka tuione thamostati inakata yenyewe. Bei ya hiyo kazi hatupunguzi.