Semina zitupe na mbegu ya viroboto maji

Mhariri,

Kila semina ya ufugaji wa samaki ninayohudhuria hapa Jinja, tukifika kwenye chakula cha vifaranga, mkufunzi hutoa kopo la mayai ya atemia, kijidudu jamii ya kamba ambaye huanguliwa na kulishwa vifaranga. Mayai hayo hutoka maziwa ya chumvi ya mbali, kama Great Salt Lake kule Marekani, na nauli yote hiyo tunailipa sisi. Sikatai, ni chakula kizuri. Lakini atemia ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye beseni la kambare hadumu saa nyingi: anakufa, anazama, anaozea chini.

Viroboto maji, vijidudu wadogo wanaoogelea kwa kurukaruka, wa aina ya moina, ni wa maji yetu haya haya. Asiyeliwa asubuhi huliwa jioni, akiwa bado anaogelea. Mtoto wake hafiki nusu milimita, kwa hiyo anaenea kinywani mwa kambare wa siku tatu ambaye kiini cha yai alichoanguliwa nacho kimekwisha. Na kambare wenye njaa, wafugaji wenzangu mnajua, hawachelewi kutafunana.

Mimi nawafuga kwenye mapipa yaliyokatwa, chini ya mwembe. Maji ya bomba nayaacha wazi kwanza klorini iishe, maana huwaua. Kisha nakoroga hamira ya mikate, kidogo tu, maji yafanane na ya kuoshea mchele, yakitakata naongeza. Ukizidisha, hewa majini hupungua na viroboto hugeuka wekundu. Hamira peke yake ina upungufu wa mafuta wanayohitaji vifaranga, hivyo nachanganya na maji ya kijani ya bwawani, yaliyochujwa. Majike huzaa bila dume, na kwa joto letu huanza wakiwa na siku nne au tano. Wakibanana au wakikosa chakula ndipo madume hutokea, na mayai magumu ya kungojea neema. Ndiyo maana navuna kama robo kila siku, hata nisipokuwa na vifaranga. Wa ziada nawamwagia ngege, yaani perege.

Taabu ni mbegu. Vijana wengi huchota bwawani kwa chandarua, wakapata moina pamoja na saiklopu, vijidudu wengine wa majini, na watoto wa kereng'ende, ambao hushambulia vifaranga vyenyewe. Halafu wanasema viroboto maji havifai!

Wataalamu wa kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi wanayajua haya kuliko mimi. Ombi langu kwao, na kwa maofisa uvuvi wa wilaya, ni kwamba watunze moina safi na watuuzie kwa chupa, kila anayenunua apewe karatasi moja ya maelezo, kwa Kiswahili na kwa Lusoga. Mapipa na hamira tutajitafutia. Bei waipange wao, mradi isifike ya kopo la atemia.

Mama mfuga kambare,
Bugembe, Jinja