Barua ya wazi kwa Meneja wa Simu, Tabora: kama niko mbali na kituo, mama yangu yuko wapi?

Ndugu Meneja,

Sijui umri wako. Kama unanizidi, pokea shikamoo yangu. Kama nakuzidi, yako nitaisubiri siku utakapofika Isevya. Na kufika huko ndiko ninakokuomba, maana ofisini kwako nimekuja mara nne kulalamikia intaneti ya duka langu, na kila mara nimeondoka na jibu lilelile: "Uko mbali na kituo," yaani pale kwenu nyaya za simu zinakoanzia.

Nyumba yetu ina simu mbili za mezani. Ya kwanza aliiweka marehemu baba alipokuwa mtumishi wa reli, nayo iko sebuleni kwa mama. Ya pili niliivuta mwenyewe miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya steshenari yangu, chumba cha mbele. Nyaya zote mbili zinashuka kutoka nguzo moja, ile iliyo chini ya mwembe, na zinaingia kwenye ukuta mmoja. Zote zina ADSL, ile intaneti inayopita kwenye waya uleule wa simu. Laini ya mama inashika megabiti 12 kwa sekunde na inamaliza wiki bila kukatika. Yangu ikijitahidi sana inashika 3, inakata, inatafuta, inashika 2, inakata tena.

Fundi wenu wa kwanza alilaumu modemu. Sawa. Nikachukua modemu ya mama pamoja na splita yake, kile kidude kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti, nikaifunga dukani. Ikawa goigoi kama yangu. Yangu nikaipeleka sebuleni, ikakimbia. Akasema basi ni nyaya za ndani. Nikazichomoa zote, nikaunganisha modemu pale pale waya unapoingilia ukutani. Hali ileile. Ubovu hauko ndani ya nyumba, Ndugu Meneja. Uko kwenye waya wenu.

Modemu yenyewe inasema, ukiingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Upande wa mama, mawimbi yanapotea njiani kwa desibeli 31. Upande wangu, 51. Tofauti ya 20 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kila desibeli 10 ni mara kumi: nguvu inayofika dukani kwangu ni sehemu moja ya mia ya ile inayofika sebuleni. Mafundi hukadiria kwamba shaba ya simu inapoteza karibu desibeli 14 kwa kila kilomita. Kwa hesabu hiyo mama yuko kilomita 2 na ushei kutoka kituoni, jambo ambalo hata bodaboda atakubali. Mimi niko zaidi ya kilomita 3 na nusu. Ama waya wangu umezungushwa Ipuli ukarudi, ama kuna mahali umeungwa vibaya.

Mimi nadhani umeungwa vibaya, kwa sababu siku ya kuungwa nilikuwepo. Ilikuwa Desemba na mvua ilikuwa inakuja. Kijana wenu alizisokota zile shaba kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akashuka kabla matone hayajaanza. Simlaumu kwa kuogopa radi juu ya ngazi. Lakini kiungo cha namna hiyo hunywa maji, shaba inaota ukijani, na ukijani haupitishi umeme kama shaba. Zaidi ya hapo, nyaya mbili za simu husokotwa pamoja kwa makusudi, ili kelele inayoingia kwenye mmoja ifutwe na inayoingia kwenye mwenzake. Mmoja ukilegea, ulinganifu unapotea na jozi nzima inageuka antena. Ndiyo maana masika laini yangu inazimia kabisa, na kiangazi inapata nafuu kidogo. Na ndiyo maana simu ya duka ikiita tu, intaneti inakata, ingawa splita nimebadilisha mara mbili.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wako wa kaunta. Wanapiga namba ya duka, simu inaita, wanaandika kwenye karatasi "laini nzima", wanafunga malalamiko. Jamani! Sauti ya mtu kwenye simu inatumia mpaka hezi 3,400 hivi. ADSL ya siku hizi inapanda mpaka megahezi 2.2, zaidi ya mara mia sita. Waya unaweza kubeba "haloo" bila taabu na ukashindwa kabisa kubeba huko juu. Hata hiyo "haloo" yenyewe, ukinyanyua mkono wa simu ukanyamaza, unasikia kitu kinakwaruza kama mtu anakaanga bisi chumba cha pili.

Fundi wa pili alikuwa mtu mwelewa. Alisikiliza mkwaruzo, akatikisa kichwa, akapanda. Akashuka mbio. Kwenye kile kisanduku cha nguzoni wamehamia nyuki. Aliahidi kurudi, na huu ni mwezi wa tano. (Tabora hii, mkoa wa asali, kampuni inashindwa na nyuki?)

Kwa nini nisitumie laini ya mama nikanyamaza? Naitumia. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana walikuja dukani na vyeti vyao, kila ukurasa ukifika kwenye kupakia picha laini inakata na fomu inaanza upya. Siku mbili kabla ya dirisha kufungwa nilibeba kompyuta hadi sebuleni. Foleni ikanifuata. Mama alikuta vijana tisa wamekaa mpaka kwenye mkeka wake wa kuswalia, akauliza, "Kwani duka limehamia kwangu?" Kisha akawachemshia chai, kwa sababu ndivyo alivyo, lakini usiku nilisomewa. Siku nyingine nanunua bando la simu ya mkononi, na mwisho wa mwezi ankara yako ya duka inakuja kamili, tena kwa bei ya biashara, kubwa kuliko ya nyumbani.

Nimeambiwa pia nisubiri faiba. Ikija nitaifurahia. Ila kiungo cha shaba kinachukua nusu saa kukifanya upya, na faiba yenu haina tarehe.

Ninachoomba ni hiki. Fundi aje na kifaa cha kupimia, apime jozi ya duka na jozi ya mama siku moja, kutoka nguzoni na kutoka kituoni, aniachie namba zote mbili kwa maandishi. Kiungo kikatwe kifungwe upya kwa viunganishi vyenye mafuta ya kuzuia maji. Kama jozi yenyewe ndiyo mbovu, kwenye kebo ile hakukosekani nyingine iliyolala bure, nihamishieni. Na ankara za miezi hii mitano zipunguzwe. Njia ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, naijua, na utaratibu unanitaka nianze kwako. Barua hii ndiyo mwanzo huo.

Ngazi ipo kwa jirani. Kuhusu nyuki, mjomba anarina asali na amekubali kuja na moshi, ila anataka aambiwe siku moja kabla, na iwe jioni jua likishapoa. Mama anasema fundi akija asipite dukani kwanza, apitie mlango wa uani, chai itakuwepo.

Wako,
Mwenye steshenari ya chini ya mwembe,
Isevya, Tabora