Intavyuu yako ya Alhamisi

Shoga angu, Njombe inasemaje? Meseji yako nimeisoma usiku nikapiga kelele mpaka mama akauliza kulikoni, yaani hao wa London wamekuita kweli kwenye intavyuu ya video!

Sasa kabla hujawaza utavaa nini, angalia saa. Wao walirudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwahiyo tofauti yetu saivi ni masaa 3, sio 2 kama ilivyokuwa Agosti. Hiyo saa nane mchana yao waliyokupangia ni saa kumi na moja jioni yetu, simu itasoma 17:00. Wajibu kwenye imeili ukiandika saa zote mbili, yao na yetu.

Halafu Novemba hii jioni ndo mvua yenyewe, na mabati yenu yale bila silingibodi hata simu ya kawaida tunapigiana makelele. Omba chumba kwa shangazi. Laptopu ijae chaji, simu nayo ijae na iwe na bando la laini nyingine tofauti na ya intaneti ya hapo, umeme ukikatika unawasha hotspoti unaendelea kama hamna kilichotokea. Iafoni chukua za waya. Uso uelekee dirishani, mawingu yakifunga weka taa nyuma ya laptopu.

Kingereza chako wala hakinipi presha, kinachonipa presha ni huo unyenyekevu wako. Kazi ni ya kuhudumia wateja, lazima watakuuliza kuhusu mteja msumbufu, we waambie yule mzee wa parachichi aliyekuja juu kreti zake zilipokataliwa hapo kituoni kwenu, ukakaa naye chini mkachambua moja moja ukamwonyesha zipi ndogo zipi zimechubuka, na msimu uliofuata akarudi kwenu. Sema "mimi nilifanya", achana na "tulifanya" kila saa, wanakuajiri wewe sio kituo kizima! Na usisome majibu kwenye skrini, macho yanakuumbua. Bandika kikaratasi chenye maneno matatu manne karibu na kamera basi.

Wakikuuliza una swali, uliza shifti ni za saa ngapi, wanalipaje, na mkataba ni wa mwajiriwa au wa kujitegemea maana hapo kodi utahangaika nayo mwenyewe. Ila wakianza habari za kutuma hela ya treningi, kata simu.

Jumatano jioni nakupigia Zoom tufanye mazoezi, mi ndo bosi, na ukicheka naanza upya. Nitumie CV leo.